Reli Ilivyotafutiwa Njia Mau, na Mumias Ikaachwa Kando

 

Mfungo ukikaribia kwisha, wengi wenu mtapanda magari kwenda kula Idd nyumbani. Wewe wa Kisumu, wewe wa Mumias, wewe wa Busia na Eldoret, nakuomba kitu kimoja tu safari hii. Gari likishatoka Nakuru, likapita Salgaa na kuanza kupanda, usilale. Najua daku ilikuwa mapema na macho ni mazito, lakini vumilia. Mkifika Mau Summit, pale barabara inapogawanyika, moja ikikata kushoto kwenda Kericho na Kisumu, nyingine ikiendelea Timboroa na Eldoret, hebu toa kichwa dirishani uangalie ile milima. Ubaridi utakupiga, manake hapo uko juu sana kuliko Nairobi. Basi zaidi ya miaka 100 iliyopita kuna watu walisimama katika milima hiyo hiyo wakijiuliza swali moja: treni itapita wapi? Na jibu walilotoa, kisha wakalibadilisha, ndilo lililoamua mji gani wa Waislamu wa magharibi utakua na upi utabaki nyuma.

Wengi wetu shuleni tulifundishwa historia ya reli kwa mistari minne. Wazungu waliileta, Wahindi wakaijenga, simba wa Tsavo wakala watu, mwaka 1901 ikafika Kisumu. Kwisha. Hatukuambiwa kwamba awali haikukusudiwa kufika Kisumu kabisa.

Tuanze na mlima wenyewe. Treni, ndugu yangu, haipandi mlima kama punda au kama matatu. Magurudumu ya chuma juu ya chuma yanateleza, na kichwa kinachovuta mabehewa kumi tambarare hushindwa na matano mlimani. Reli hii ilipojengwa, kiwango cha juu kabisa kwenye miinuko mikubwa kilikuwa kupanda futi 1 kwa kila futi 50 za njia. Ukitazama kwa macho hutaona kama ni mlima, utadhani ni uwanja tu. Sasa chukua nchi yetu: kutoka Mombasa unapanda polepole mpaka Limuru, halafu ghafla ardhi inaporomoka ndani ya Bonde la Ufa, halafu upande wa pili inainuka tena ukuta wa Mau, zaidi ya futi 8,300 juu ya bahari, na baada ya hapo unateremka mpaka ziwani. Mtu wa miguu anaweza kushuka na kupanda popote, akijikamata na miti. Treni inahitaji mwanya, mahali ambapo mlima wenyewe umelegea kidogo, penye bonde la mto unaloweza kulifuata ukizunguka zunguka bila kuvunja kile kiwango.

Na nani aliyekuwa akijua mianya ya huko? Kabla ya Mzungu kufika na vipimo vyake, misafara ya watu wa pwani ilikuwa inavuka nchi hizo. Wafanyabiashara wa Pangani na wa Mombasa walikuwa wakipita Naivasha na Baringo, wakipumzika Njemps kununua chakula, kisha wakipanda milima kuelekea kwa Waluhya, mpaka mji uliojulikana kwao kama Kwa Sundu, yaani kwa Nabongo Shiundu wa Wanga. Ndio Mumias ya leo, kwa jina la mwanawe Shiundu, Nabongo Mumia. Yule Mskoti Joseph Thomson, ambaye vitabu vinasema alikuwa wa kwanza kuvuka nchi ya Wamasai mpaka ziwani mwaka 1883, sehemu kubwa ya njia alifuatana na msafara wa Jumbe Kimameta, mfanyabiashara wa pembe kutoka Pangani. Miaka michache baadaye Kimameta huyo huyo akafuatana na Count Teleki aliyekwenda ziwa Turkana. Kwa hivyo ukisikia neno "aligundua", uliza kwanza ni nani aliyekuwa mbele yake akionyesha njia.

Lakini tuseme kweli, maana Ramadhani si mwezi wa kujipamba. Misafara ile haikubeba tasbihi na Msahafu peke yake. Ilibeba bunduki, ilinunua pembe za ndovu, na mingine ilinunua na kuteka watu. Baadhi ya jamii za magharibi hadi leo zinasimulia mambo mabaya juu ya watu wa pwani, na hazisimulii uongo. Uislamu uliofika Mumias ulifika kwa njia hiyo hiyo, na watu wale wale, wema wao na ubaya wao.

Sasa tuje kwa wapimaji. Mwaka 1890 mkutano wa mataifa ya Ulaya uliofanyika Brussels ulikubaliana kwamba reli za kwenda bara ni dawa mojawapo ya kukomesha biashara ya watumwa. Kampuni ya Imperial British East Africa, iliyokuwa ikitawala huku kwa hati ya malkia, ikashika maneno hayo kama fimbo ya kuichapia serikali ya Uingereza: mnataka Uganda, mnataka utumwa uishe, basi toeni fedha. Serikali ikatoa pauni 20,000, za kupima njia tu, si za kujenga. Kazi akapewa Kapteni James Macdonald, afisa wa wahandisi wa jeshi aliyekuwa ametumikia India. Akachukua wenzake: Kapteni Pringle, Luteni Twining aliyekuwa Mkanada, Luteni Austin, na Sajenti Thomas. Huyo Pringle baadaye alikuja kuwa mkaguzi mkuu wa reli zote za Uingereza, kwa hivyo hawakuwa watu wa kubahatisha.

Waliondoka Mombasa mwisho wa mwaka 1891 na kurudi Septemba 1892. Waliletwa Wahindi waliozoea kazi ya upimaji, na wakaandikishwa mamia ya wapagazi wa pwani.

Hapa nataka usimame nami kidogo, ewe uliyefunga. Nimehesabu kalenda: Ramadhani ya mwaka 1309 Hijria iliangukia kati ya mwisho wa Machi na mwisho wa Aprili 1892. Yaani msafara wote ulikuwa njiani. Mpagazi wa wakati ule alikuwa akitwikwa mzigo wa ratili 60 na zaidi, karibu kilo 30, juu ya kichwa au begani, na akitembea nao tangu alfajiri. Msafiri ameruhusiwa kufungua na kulipa siku nyingine, hilo tunalijua sote. Lakini nani katika wapagazi wale alifungua, nani alifunga, nani alilipa siku zake na nani alikufa kabla ya kulipa, hakuna kitabu kilichoandika. Macdonald aliandika kitabu kizima juu ya kazi yake, kikatoka mwaka 1897. Majina ya maafisa yamo. Ya wapagazi utayatafuta.

Kazi yenyewe ilikuwa hivi. Hawakuweza kupima kila hatua kwa mnyororo, nchi ni kubwa mno na fedha ni za kuhesabu. Walijigawa makundi, kila kundi likifuata bonde lake, kisha wanakutana na kulinganisha. Urefu wa mahali juu ya bahari walikuwa wakiupata kwa kipima hewa, maana kadiri unavyopanda ndivyo hewa inavyokuwa nyepesi, au kwa kuchemsha maji. Usicheke. Maji ya Mombasa huchemka kwa nyuzi 100, lakini ukiyachemsha Mau Summit yatachemka kwa nyuzi kama 92 hivi. Mama zetu waliohamia Molo na Londiani wanajua bila kusoma fizikia, kwamba maharage huko hayaivi upesi! Basi mtu mmoja anawasha moto, anatia kipima joto ndani ya sufuria, na kwa nyuzi zile anajua yuko futi ngapi. Akipata urefu wa bonde na urefu wa kilele, na umbali baina yao, anajua kama treni itaweza au haitaweza.

Hivyo ndivyo walivyotembea, maelfu ya maili kwa miguu ukijumlisha makundi yote, kwenda na kurudi, wakikataa mwanya huu na kuujaribu ule. Ukuta wa Mau ndio uliowasumbua zaidi upande wa bara. Mwishowe Macdonald akachagua. Njia yake ilipanda Mau upande wa kaskazini, kwa bonde la mto ulioandikwa katika ramani za siku hizo Guaso Masa, karibu na mahali panapoitwa Eldama Ravine. Kutoka hapo ikashuka mpaka bonde la mto Nzoia, ikaufuata Nzoia ikipita nchi ya Wanga, mpaka ghuba ya Berkeley kwenye ziwa, mahali palipoitwa Port Victoria. Jumla maili 657 kutoka Mombasa, na gharama aliyokadiria ilikuwa pauni 2,240,000. Ripoti yake ikapelekwa London, na mwaka 1893 Bunge likawa nayo mezani.

Angalia ramani uone maana yake. Reli ya Macdonald ingepita mlangoni kwa Nabongo Mumia. Njia ya misafara ya pwani na njia ya treni zingekuwa kitu kimoja, kwa makadirio tu.

Na kwa muda fulani kila mtu aliamini itakuwa hivyo. Kati ya mwaka 1895 na 1896 Kapteni Sclater alikata barabara ya magari ya ng'ombe kutoka Kibwezi kwenda ziwani, naye akapitia Eldama Ravine na Mumias. Mwaka 1895 afisa wa Kiingereza, C. W. Hobley, aliwekwa Mumias kuwa mtawala wa wilaya. Mumias ikawa ndio mji. Misafara ya Uganda ililala hapo, ikanunua unga hapo. Watu wa pwani walijenga nyumba, wakaoa, wakasomesha watoto. Nabongo Mumia baadaye naye akaingia katika Uislamu. Siku hizo kijana wa Kisumu (kama tungeweza kumwita hivyo, maana Kisumu yenyewe ilikuwa kijiji cha wavuvi na wachuuzi) ndiye angekwenda Mumias kutafuta maisha.

Ila kabla ya treni kufika popote, njia ile ya Mau ilikuwa inakula watu. Eldama Ravine haikuwa na chakula cha kutosha, ilibidi unga ubebwe kutoka kwa Wakikuyu kwa vichwa vya watu. Novemba 1895 msafara mmoja mkubwa wa Wakikuyu na Waswahili, zaidi ya watu 1,000, ulikuwa unarudi kutoka Ravine baada ya kupeleka chakula. Ulipofika bonde la Kedong ukashambuliwa na Wamasai, na mamia wakauawa. Uchunguzi wa serikali ulisema watu wa msafara ndio waliochokoza. Vyovyote vile, hesabu mwenyewe: watu wote hao, ili askari wa kituo kimoja wale ugali.

Kisha yakaja ya mwaka 1897, na hapa ndipo historia inapofanya mambo yake. Macdonald yule yule, sasa Meja, alirudi Afrika Mashariki akiwa na amri ya kuongoza msafara wa kijeshi kwenda kaskazini. Akapangiwa makampuni matatu ya askari Wasudani kutoka Uganda, ambao wajukuu wao leo tunawaita Wanubi. Hawa walikuwa mabaki ya jeshi la Emin Pasha, Waislamu, waliochukuliwa na Lugard mwaka 1891 na tangu hapo wakawa wanapiganishwa kila pembe: Buganda, Bunyoro, kwa Wanandi. Mshahara wao ulikuwa mdogo, wenyewe ukichelewa miezi, na mara nyingi wakilipwa vitambaa badala ya fedha. Sasa wakaambiwa waondoke tena, waende nchi wasiyoijua, waache wake na watoto. Walikutanishwa na Macdonald wapi? Eldama Ravine, kwenye mwanya wake mwenyewe.

Walitaka kusikilizwa, wakafyatuliwa risasi. Wakaondoka na bunduki zao, wakashika njia ya magharibi mpaka Busoga, wakaiteka ngome ya Lubwa na kuwaua maafisa wa Kiingereza waliokuwa mikononi mwao. Vita vikaendelea mpaka mwaka 1898. Uingereza ilibidi ilete askari kutoka India, nao wakatembea kwa miguu kutoka sehemu reli ilipoishia, wakati huo ikiwa bado haijavuka mto Tsavo. London wakasema: mnaona? Bila treni tutaipoteza Uganda. Kwa hivyo wale waliodai mshahara wao pale Ravine, bila kukusudia, waliiharakisha reli ya waliowanyima.

Ukiwa na rafiki Mnubi wa Kibera, Kibos au Ravine, muulize kama amesikia habari hii nyumbani. Mimi naona ni jambo la kusikitisha kwamba vitabu vyetu vimeiandika kama "maasi" tu, neno la afande, bila kuuliza aliyeasi alikuwa anadai nini.

Wakati huo huo ujenzi ulikuwa umeanza. Sheria ya reli ilipita Bungeni mwaka 1896 ikatenga pauni milioni 3. Mhandisi mkuu, George Whitehouse, alikuwa ameshatua Mombasa Desemba 1895. Vibarua wakaletwa kutoka India, wengi wao Wapunjabi waliosafirishwa kupitia Karachi, na Waislamu kati yao walikuwa wengi. Kwa jumla ya miaka yote waliletwa karibu 32,000. Waliokufa ni 2,493, na zaidi ya 6,000 wakarudishwa wakiwa wagonjwa au vilema. Kila ukisimama pale Mackinnon Road kusoma Fatiha kwenye kaburi la Seyyid Baghali, kumbuka hesabu hiyo.

Whitehouse alikuwa mtu wa hesabu. Reli ilikuwa inakula fedha kuliko ilivyokadiriwa, na mbele yake kulikuwa na ile Mau. Akaona ni lazima mlima upimwe upya kabla reli haijaufikia. Mwaka 1898 wapimaji wakatumwa tena, safari hii kuangalia upande wa kusini zaidi. Na wakapata mwanya mwingine. Badala ya kuzunguka kaskazini kwa Ravine na Nzoia, treni ingeweza kuvuka Mau karibu na Londiani kisha kuteremka bonde la mto Nyando, moja kwa moja mpaka kwenye kidole cha ziwa kinachoingia ndani ya nchi, ghuba iliyoitwa Ugowe. Mteremko wa Nyando ni mkali na umejaa makorongo, lakini njia ni fupi. Ghuba ile ilikuwa na kina kidogo, na mbali na Uganda ukilinganisha na Port Victoria, lakini meli ingefanya kazi iliyobaki. Maji hayahitaji mataruma!

Basi kalamu ikapita. Mwisho wa reli ukahamishwa kutoka Port Victoria, ukawekwa Port Florence, kwa jina la Florence, mke wa mhandisi Preston. Ndiyo Kisumu. Kwa kalamu hiyo hiyo Eldama Ravine na Mumias zikatoka kwenye ramani ya treni.

Sikuoni ukiwalaumu, ndugu msomaji, na mimi pia siwalaumu kwa hilo. Mhandisi alikuwa na fedha za watu na mlima mbele yake. Lakini usidhani njia fupi ilikuwa rahisi. Kwanza kulikuwa na mteremko wa Bonde la Ufa kule Kijabe. Kwa kuwa madaraja ya huko yangechelewa, waliteremsha mabehewa kwa kamba za chuma kama ndoo kisimani, kama futi 1,500 kwenda chini, na kwa kifaa hicho cha muda kazi ikaendelea mbele mpaka njia ya kudumu ilipokamilika mwaka 1901. Halafu Mau yenyewe. Kutoka kileleni kushuka Nyando ilibidi yajengwe madaraja marefu ya chuma 27, yaliyotengenezwa Marekani na kuungwa na mafundi wa Kimarekani, kwa sababu viwanda vya Uingereza havingeweza kuyatoa kwa haraka. Mvua za huko hazina adabu. Tuta likijengwa leo kesho limeporomoka, na vibarua waliozaliwa kwenye jua la Punjab wakawa wanalala kwenye matope na baridi. Wanandi nao, ambao nchi yao ndiyo iliyokuwa ikipasuliwa, hawakukaa kimya. Walichukua nyaya za simu na vyuma vya reli, walipigana kwa zaidi ya miaka 10, mpaka kiongozi wao Koitalel arap Samoei alipouawa Oktoba 1905 na Meinertzhagen, katika mkutano ulioitwa wa kufanya suluhu. Naye anafaa makala yake peke yake.

Tarehe 20 Desemba 1901 reli ikafika ziwani. Urefu wake ukawa kama maili 582, pungufu ya makadirio ya Macdonald kwa maili 75. Gharama zikapita pauni milioni 5.

Mumias haikufa siku moja. Iliendelea kuwa makao ya wilaya mpaka mwaka 1920, serikali ilipohamia Kakamega. Lakini biashara haina subira. Pamba, ngozi na ufuta zikafuata treni. Duka la Mhindi likafuata treni. Waswahili na Wanubi na Wapunjabi wakajenga Kisumu, Kibos, Muhoroni, Londiani, na ukiteremka kwenye vituo hivyo vidogo hata leo unaweza kukuta msikiti mdogo umesimama karibu na stesheni, safu mbili tatu za waumini, na mzee anayekumbuka ukoo wake ulikuja na reli. Misikiti hiyo iko hapo kwa sababu ya kile kipimo cha mwaka 1898. Reli ingepita alipotaka Macdonald, misikiti hiyo ingekuwa kwingine, na huenda wewe unayesoma hapa ungezaliwa kwingine.

Njia ya kaskazini haikusahauliwa kabisa. Miaka ya 1920, walowezi walipotaka treni ya Uasin Gishu, reli ilijengwa kutoka Nakuru kwenda Eldoret, ikapanda milima ya upande ule ule wa Ravine na kupita Timboroa, futi 9,136 juu ya bahari, mpaka Eldoret mwaka 1924, na Kampala mwaka 1931. Kwa hivyo Macdonald alikuwa sawa, njia ilikuwepo. Ila ilipojengwa ilielekezwa kwenye mashamba ya walowezi, ikapita kaskazini ya Wanga bila kugeuza shingo. Na hata SGR ya juzi, iliyotoboa milima ya Ngong kwa handaki la zaidi ya kilomita 4 na kufunguliwa hadi Suswa mwaka 2019, ilipofika hapo ilisimama ikiiangalia Mau kwa mbali. Vyombo vimebadilika, mlima ni ule ule.

Na Mumias? Mwaka 1930 tawi la reli lilitolewa Kisumu kwenda kaskazini, likapita Maseno na Luanda. Wazee wa Mumias wakangojea. Likafika Butere, likakomea hapo. Kutoka Butere mpaka Mumias hapazidi kilomita 20. Kiwanda cha sukari kilipofunguliwa Mumias mwaka 1973, miwa na sukari vikawa vya kubebwa barabarani.

Ndiyo maana nikakuomba usilale pale Mau Summit. Macdonald angekata kwa kulia, Whitehouse akakata kwa kushoto, na gari lako litakata linakokata dereva.

Na ombi la pili, kama kwenu kuna mzee, Mumias, Ravine, Kibos au hata huku pwani, ambaye babu yake alikwenda bara na misafara au alikuja na reli, mkalie baada ya futari, kabla ya tarawehe, umuulize jina la babu huyo na alitokea wapi. Liandike kwenye karatasi pamoja na jina la baba yake na kijiji alichotoka, ulete ofisini kwetu au umpe ndugu yeyote wa jumuiya. Tukipata hata majina 10, toleo lijalo in shaa Allah tutayachapisha ukurasa wake wenyewe, tukianza na wapagazi.